SOMO: Kuondoa maonyo ya usalama kwenye mafaili uliyopakua, bila kuiacha kompyuta mlango wazi

Wakuu salaam. Somo hili ni la wenye steshenari, wahasibu, makarani wa ofisi na yeyote ambaye kutwa nzima anafungua mafaili ya watu wengine. Mteja amesimama kaunta, CV yake ameituma kwenye WhatsApp ya duka, umeipakua kwa WhatsApp Web, Word imefunguka na mstari wa njano juu, unabonyeza herufi haziandiki. Nyuma yake wamejipanga wanne. Hapo ndipo wengi huingia kwenye setingi na kuzima kila kitu chenye neno "security", na mwezi haupiti kompyuta inaanza kufungua matangazo yenyewe.

Kabla ya kuzima chochote, elewa kwamba maonyo ni ya aina mbili. Moja linasema: faili hili limetoka nje. Halijui kilichomo, linajua lilikotoka basi. Jingine linasema: nimelikagua, ndani kuna kitu. La kwanza ni usumbufu na lina dawa, tena dawa za aina nyingi kutegemea kama una faili moja, mia tatu, au seva nzima. La pili si usumbufu, na somo hili halitakufundisha kulinyamazisha.

Lebo inakaa wapi

Ukipakua faili kwa Chrome, Edge au Firefox, au ukihifadhi kiambatanisho kutoka Outlook, Windows hulibandika faili lebo ndogo isiyoonekana. Mtindo huu ulianza na Windows XP Service Pack 2 mwaka 2004 na uko mpaka leo kwenye Windows 11. Lebo yenyewe inaitwa Zone.Identifier, na haikai ndani ya waraka wako: inaning'inia pembeni ya faili kwenye diski yenye mfumo wa NTFS. Unaweza kuiona kwa macho. Fungua folda yenye faili, andika cmd kwenye sehemu ya anwani juu, bonyeza Enter, kisha andika:

dir /r

Chini ya jina la faili utaona mstari wa pili kama ankara.xlsx:Zone.Identifier:$DATA. Ukitaka kuisoma, fungua PowerShell (dirisha jingine la amri la Windows) kwenye folda hiyohiyo na uandike:

Get-Content .\ankara.xlsx -Stream Zone.Identifier

Itakujibu [ZoneTransfer] na chini yake ZoneId=3. Namba 0 ni kompyuta yenyewe, 1 ni mtandao wa ndani ya ofisi, 2 ni tovuti ulizoziamini, 3 ni intaneti, 4 ni tovuti zilizozuiwa. Mara nyingi utakuta pia HostUrl, yaani anwani lilikotoka faili. Hiyo ni faida ambayo wengi hawaijui: bosi akiuliza "hili faili limetoka wapi?", jibu unalo hapohapo.

Word, Excel, Windows yenyewe na hata dirisha la kuchungulia faili, wote wanasoma lebo hii moja. Ndiyo maana ukiiondoa, maonyo matatu au manne yanapotea kwa mpigo.

Hatua ya 1: jua onyo lililo mbele yako

Mstari wa njano ulioandikwa PROTECTED VIEW kwenye Word, Excel au PowerPoint: ni lebo. Unasoma tu, huandiki na huprinti mpaka ubonyeze "Enable Editing".

Mstari wenye wekundu ulioandikwa SECURITY RISK, ukisema makro (amri ndogo zinazojiendesha ndani ya faili) zimezuiwa: ni lebo pia, ila kwenye faili lenye makro. Tangu katikati ya 2022 Microsoft waliondoa kitufe cha kuruhusu papo kwa papo, ndiyo maana huoni pa kubonyeza isipokuwa "Learn More".

Kidirisha cha "Open File - Security Warning": lebo, kwenye programu na baadhi ya mafaili mengine. Chini yake kuna kisanduku "Always ask before opening this file". Ukitoa tiki hapo kisha ukafungua, lebo inaondoka.

Skrini ya bluu "Windows protected your PC": hii ni SmartScreen. Inaamshwa na lebo, kisha inauliza Microsoft kama programu hiyo inafahamika. Programu mpya, au iliyoandikwa na kijana wa hapahapa mjini bila saini ya kidijitali, itaonywa hata kama ni safi.

Halafu kuna mstari mwekundu wa PROTECTED VIEW unaosema Office imegundua tatizo kwenye faili. Watu wanauchanganya na ule wa njano. Huu hauhusiani na lebo. Unamaanisha muundo wa faili umeharibika au umechezewa. Mara nyingi ni faili lililokatika likipakuliwa, bando liliisha katikati. Omba litumwe upya, usilazimishe.

Na ukiona "Threat found" ya Defender, yaani antivairasi ya Windows yenyewe, au kivinjari kimeandika kwamba faili ni la hatari au lina virusi, somo lako limeishia hapa. Hilo ni onyo la aina ya pili.

Hatua ya 2: liangalie faili kabla ya kulivua lebo

Washa herufi za mwisho za majina ya mafaili. Windows 11: kwenye File Explorer bonyeza View, Show, kisha "File name extensions". Windows 10: View, weka tiki "File name extensions". Windows huficha herufi hizi tangu kiwandani, na huo ni mmoja wa uamuzi mbaya kuliko yote waliyowahi kufanya. Mwezi Mei 2000 kirusi cha ILOVEYOU kilizunguka dunia kwa jina LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Walioficha herufi za mwisho waliona .TXT, wakafungua barua ya mapenzi.

Leo ujanja ni uleule. CV haiwezi kuishia na .exe, .scr, .js, .vbs wala .lnk. Risiti ya benki haiji kama .iso. Ukiona "Risiti_Malipo.pdf.exe", alama ya PDF iliyochorwa pale ni picha tu, aliyetengeneza programu huchagua picha anayoitaka.

Kisha bofya kulia juu ya faili, chagua "Scan with Microsoft Defender". Windows 11 huenda ukalazimika kubonyeza kwanza "Show more options". Sekunde tano. Hakikisha Defender imeapdetiwa, kwa sababu Defender ya miezi minne iliyopita ni mlinzi aliyesinzia.

Hatua ya 3: faili moja

Lifunge kwanza kama liko wazi kwenye Word au Excel. Bofya kulia, Properties, kichupo cha General. Chini kabisa utaona neno Security na maelezo kwamba faili limetoka kompyuta nyingine. Weka tiki kwenye "Unblock", bonyeza Apply, kisha OK. Fungua upya. Mstari wa njano haupo.

Kisanduku cha Unblock hakionekani? Sababu ni chache. Inawezekana faili halina lebo kabisa, na onyo unaloliona ni la kitu kingine. Inawezekana bado liko ndani ya zip (faili linalofunga mafaili mengi pamoja) na unalichungulia tu. Au kompyuta ni ya ofisi na fundi wa TEHAMA amekificha kwa sera. Huyo muombe mwenyewe, usimzunguke.

Umeweka tiki na ukirudi unaikuta palepale? Huna ruhusa ya kuandika kwenye folda hiyo, au faili limewekwa "Read-only". Likopi kwenye Documents zako, toa tiki ya Read-only, kisha rudia.

Hatua ya 4: faili la zip

Hapa ndipo watu hupoteza asubuhi nzima. Mteja katuma zip yenye nyaraka 300 za mwaka mzima. Ukiifungua kwa "Extract All" ya Windows, lebo ya zip inanakiliwa kwa kila faili lililomo. Una maonyo 300.

Fanya kinyume: bofya kulia kwenye zip yenyewe, Properties, Unblock, OK, halafu ndiyo ufungue. Lebo imeondoka kwenye mzizi, matawi hayatakuwa nayo.

Wanaotumia 7-Zip watasema mbona wao hawaoni maonyo. Ni kwa sababu 7-Zip, isipoambiwa, hainakili lebo. Uwezo wa kunakili umekuwepo tangu toleo la 22.00, lakini umezimwa mpaka uuwashe: Tools, Options, kichupo cha 7-Zip, "Propagate Zone.Id stream". Ushauri wangu: kwenye kompyuta inayopokea mafaili ya watu baki, iwashe, angalau kwa chaguo la "For Office files". Na usibaki na toleo la chini ya 24.09, kwa sababu kabla ya hapo palikuwa na tundu lililopitisha mafaili bila lebo hata ukiwa umewasha, na wahalifu walilitumia.

Hatua ya 5: folda nzima iliyokwisha kufunguliwa

Kama tayari una mafaili 300 yenye lebo, usianze kubonyeza moja moja. Fungua folda, bofya kulia sehemu tupu, chagua "Open in Terminal". Kwenye Windows 10 shika Shift huku ukibofya kulia, chagua PowerShell. Kwanza tazama yapi yana lebo:

Get-ChildItem -Recurse -File | Get-Item -Stream Zone.Identifier -ErrorAction SilentlyContinue | Select-Object FileName

Pitia orodha. Kuna .exe au .js humo katikati ya risiti? Simama. Kama orodha ni safi, jaribu kwanza bila kutenda:

Get-ChildItem -Recurse -File -Filter *.xlsx | Unblock-File -WhatIf

Itakuonyesha ambacho ingefanya. Ukiridhika, ondoa -WhatIf na urudie. Kichujio cha *.xlsx ni cha makusudi: unavua lebo kwenye Excel tu, chochote kingine kilichojipenyeza kinabaki nayo. Kwa Word rudia na *.docx.

Usiendeshe amri hii ukiwa kwenye C:\ wala kwenye Downloads. Downloads ni kama stendi: kila aina ya abiria amepita pale.

Angalizo dogo kwa wanaoandika jina la faili moja kwa moja: jina lenye mabano ya mraba, mfano ankara[1].xlsx, linaichanganya PowerShell. Andika Unblock-File -LiteralPath ".\ankara[1].xlsx" na itaelewa.

Hatua ya 6: mafaili ya kwenye seva ya ofisi

Malalamiko ya kila wiki: "mafaili yetu wenyewe, seva iko chumba cha pili, lakini Excel inasema yametoka intaneti." Ukiangalia njia ya mkato kwenye desktop utakuta \\192.168.1.10\Hesabu. Tatizo ni nukta. Windows ikiona jina la seva lenye nukta inalichukulia ni la intaneti, hata kama namba ni ya ndani. Jina lisilo na nukta, kama \\SEVA\Hesabu, inalichukulia ni la ofisi.

Dawa rahisi ni kubadilisha njia za mkato zitumie jina. Kama jina halipatikani kwenye mtandao wenu, bonyeza Windows + R, andika inetcpl.cpl, Enter. Security, "Local intranet", Sites, Advanced. Toa tiki ya "Require server verification", andika file://192.168.1.10, bonyeza Add, Close, OK. Funga Excel yote na uifungue upya. Fanya hivyo kwenye kila kompyuta na kila akaunti ya mtumiaji, maana setingi hii hukaa kwa mtumiaji. Na hakikisha ruta inaipa seva anwani ileile kila siku, la sivyo umeme ukikatika na kurudi, seva inaamka na namba nyingine na kazi yote imeenda.

Hatua ya 7: Excel za makro

Kwa faili moja lenye makro, Unblock ya hatua ya 3 inatosha. Kwa mfumo wa mishahara au stoo unaotumia Excel kila siku na kupokea matoleo mapya, tengeneza folda ya kuaminika: File, Options, Trust Center, Trust Center Settings, Trusted Locations, Add new location. Chagua folda maalumu, mfano D:\Makro_Ofisi, na usiguse tiki ya folda za ndani kama huzihitaji.

Folda hii haihoji. Faili lolote litakalowekwa humo makro zake zitaendeshwa bila kuulizwa. Kwa hiyo isiwe Downloads, isiwe Desktop, isiwe folda ambayo wafanyakazi wote wanaandika. Ibaki ya mtu mmoja au wawili.

Na zile setingi za kuzima kabisa

Zipo. Kwenye rejista ya Windows, yaani daftari lake la ndani la setingi, kuna setingi iitwayo SaveZoneInformation ambayo ikiwekwa 1, Windows haibandiki lebo tena kwa faili lolote. Kuna tiki tatu za Protected View za kutoa, na kuna "Enable all macros". Mafundi wengi huziweka ili mteja asirudi kulalamika. Nazitaja kwa sababu ukinunua laptopu iliyotumika unapaswa kuangalia kama zimechezewa. Fungua cmd, andika:

reg query "HKCU\Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Policies\Attachments" /v SaveZoneInformation

Ikijibu kwamba haikupata kitu, lebo haijazimwa kwenye akaunti hiyo. Ikijibu 0x1, mtu alizima lebo. Fungua cmd kwa "Run as administrator", rudisha hali ya kawaida kwa reg delete badala ya reg query, ukiongeza /f mwishoni, kisha toka na uingie upya kwenye akaunti. Mafaili ya zamani hayatapata lebo, mapya yatapata.

MASWALI YA WANACHAMA

Steshenari Mwenge: Mkuu, somo zuri ila mimi kwa siku napokea mafaili zaidi ya mia. Siwezi kufanya Properties kwa kila mteja. Si bora nitoe zile tiki za Protected View tu?

Jibu: Mkuu, wewe ndiye mtu wa mwisho anayepaswa kuzitoa, kwa sababu mafaili yako yote ni ya watu usiowajua. Kazi yako kubwa ni kuprinti, sivyo? Bandika karatasi kaunta: "Tuma kwa PDF". Mteja mwenye simu anaweza kuhifadhi kama PDF kwenye Word ya simu. PDF unaifungua kwenye Edge au Chrome, hakuna mstari wa njano, unaprinti, na mpangilio wa CV hauvurugiki kwa sababu ya fonti usiyokuwa nayo. Anayetaka marekebisho ndiye unambonyezea "Enable Editing", na kubonyeza huko ni mara moja tu kwa faili. Halafu kompyuta ya kaunta ifanyie kazi kwenye akaunti ya kawaida, siyo ya administrator. Hiyo peke yake inapunguza madhara kuliko antivairasi nyingi za kununua.

Mhasibu Kariakoo: Nimefanya Unblock kwenye Excel ya makro, mstari wa SECURITY RISK umeondoka, lakini vitufe bado havifanyi kazi. Nikibonyeza kimya.

Jibu: Dada, angalia vitu viwili. Herufi za mwisho: kama ni .xlsx, aliyekutumia aliihifadhi vibaya na makro hazimo tena, aitume kama .xlsm. Kama ni .xlsm, nenda Trust Center Settings, Macro Settings. Inawezekana imewekwa "Disable VBA macros without notification", ambayo huzima bila kusema neno. Iweke kwenye chaguo linaloishia "with notification", funga Excel, fungua, sasa utapata mstari wa njano wenye "Enable Content".

Mhasibu Kariakoo: Ilikuwa hiyo ya pili. Shukrani sana kaka.

Karani Posta: Kwangu mafaili yanafunguka vizuri, shida ni pale pembeni kwenye Preview. Zamani nilikuwa napitia PDF za wateja bila kufungua, sasa kila moja inaandika kwamba faili linaweza kuharibu kompyuta. Nimeskani hakuna kirusi.

Jibu: Huo si ugonjwa, ni apdeti. Kuanzia apdeti za usalama za tarehe 14 Oktoba 2025, File Explorer haichungulii tena faili lenye lebo ya intaneti. Sababu ni kwamba faili lililotengenezwa kwa hila liliweza, kwa kuchunguliwa tu, kuifanya kompyuta itume nje alama ya siri ya nenosiri lako. Kwa hiyo onyo haliijui PDF yako, linaijua lebo. Tumia hatua ya 5 kwenye folda ya mteja huyo ukiweka *.pdf. Kama Preview bado inagoma baada ya hapo, toka kwenye akaunti na uingie tena. Mabadiliko haya wakati mwingine husubiri hapo.

Kijana wa Ubungo: Shikamooni wakubwa. Mbona faili hilohilo likija kwa flashi halionyeshi onyo lolote? Ina maana flashi inasafisha?

Jibu: Marahaba. Haisafishi, inapoteza. Flashi nyingi ni FAT32 au exFAT, na mifumo hiyo haina mahali pa kuning'iniza lebo. Faili likipita kwenye flashi lebo inadondoka, likifika kompyuta ya pili linaonekana limezaliwa pale. Kwa hiyo flashi ndiyo inayohitaji macho zaidi. Ukifungua flashi ukakuta folda zote zimegeuka njia za mkato zenye mshale mdogo, usibonyeze hata moja. Skani flashi nzima kwa Defender, futa hizo .lnk, kisha fungua cmd na uandike, ukibadilisha E kwa herufi ya flashi yako:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Folda halisi zilizofichwa zitajitokeza.

Fundi Sinza: Kuna mteja kaletewa programu ya mauzo na dogo mmoja, programu ni safi, lakini skrini ya bluu haina "Run anyway".

Jibu: Umebonyeza "More info"? Kitufe hujificha nyuma ya maneno hayo madogo. Kama umebonyeza na bado hakipo, kuna sera ya ofisi iliyozuia, au ni Windows 11 yenye Smart App Control iliyowashwa. Hiyo haina ruhusa ya programu moja moja: ama imeiamini, ama imeikataa. Iangalie kwenye Windows Security, "App & browser control". Dawa ya kudumu ni dogo kuisaini programu yake kwa cheti cha kidijitali. Bofya kulia kwenye .exe, Properties, kama hakuna kichupo cha "Digital Signatures", hajaisaini.

Mgeni wa Mac: Na sisi wa MacBook?

Jibu: Kwenu lebo inaitwa com.apple.quarantine. Jaribu kufungua programu mara moja ikatae, kisha nenda System Settings, Privacy & Security, shuka chini, bonyeza "Open Anyway" na uweke nenosiri. Ule ujanja wa kushika Control na kubonyeza Open, Apple waliuondoa kwenye macOS Sequoia ya 2024. Kwa Terminal ni xattr -d com.apple.quarantine ikifuatiwa na njia ya faili.

Mdau Tegeta: Mimi nina activator ya Office (ile programu ya kuifungua Office bila kulipia). Nikiifanyia Unblock, Defender bado inaifuta. Nikizima Defender kwa dakika kumi ikafanya kazi, nikiwasha inaifuta tena. Nifanyeje iache?

Jibu: Unblock haikusaidii kwa sababu hilo si onyo la lebo, Defender imelisoma faili. Anayekwambia "zima antivairasi kwanza" hana namna ya kukuthibitishia kwamba mle ndani kuna activator peke yake, na dakika kumi ni nyingi mno kwa programu ya kuiba nywila zilizohifadhiwa kwenye Chrome. Word na Excel za kwenye kivinjari ni bure ukiwa na akaunti ya Microsoft, na LibreOffice ni bure hata bila intaneti.

Steshenari Mwenge: Swali la mwisho mkuu. Nikitilia shaka faili la mteja, naweza kulipandisha VirusTotal, ile tovuti ya kukagua mafaili kwa antivairasi nyingi?

Jibu: Kama ni programu, sawa. Kama ni CV, nakala ya kitambulisho cha NIDA au taarifa ya benki, usipandishe. Mafaili yanayopandishwa pale hugawiwa kwa kampuni za usalama na wateja wao wa kulipia, na nyaraka ya mteja si yako kuigawa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022. Tafuta kwa alama yake tu (hash), ambayo ni kama alama ya kidole ya faili. PowerShell, andika:

Get-FileHash .\jina_la_faili.docx

Utapata mstari mrefu wa herufi na namba 64. Unakili, ubandike kwenye kichupo cha Search cha VirusTotal. Kama faili hilohilo limeshawahi kukaguliwa, majibu yanatokea bila wewe kutuma chochote. Likikosekana, haimaanishi ni safi, ina maana halijafika pale. Hapo libakize kwenye Protected View, lisome lilivyo, na umuulize mteja alilitengeneza wapi.